RAM yoyote haifai kwenye seva

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta katikati ya Kampala utaambiwa: seva (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine) ikizidiwa, ongeza RAM (memori ya muda) yoyote ya DDR4, yaani ya kizazi cha nne, weka na prosesa ya pili, kasi itakuwa mara mbili. Si kweli.

Shika vipande viwili vya DDR4, kimoja cha kompyuta ya mezani, kingine cha seva. Vyote vina pini 288 na vinaingia kwenye nafasi ileile. Sasa hesabu chipu. Cha kawaida mara nyingi kina 8 au 16. Cha seva 9, 18 au zaidi, kwa sababu kila biti 64 za data huongezewa 8 za kukagua makosa. Katikati ya kile cha seva kwa kawaida kuna chipu nyingine, rejista, inayopokea amri za prosesa kabla hazijafika kwenye memori. Ukivichanganya, mashine haiwaki, na fundi asiyejua atakwambia ubao mama umekufa.

Prosesa nayo ina mambo yake. Kwenye seva ya soketi mbili (nafasi mbili za kuweka prosesa), kila prosesa ina nafasi zake za RAM. Soketi ya pili ikiwa tupu, RAM iliyochomekwa upande wake haionekani kabisa. (Wapo wanaoirudisha dukani kwa hasira, ilhali ni nzima.) Prosesa zote mbili ziwe za modeli moja. Hata hivyo, programu inayotumia kiini kimoja tu (sehemu moja ya prosesa inayofanya kazi) haitakwenda kasi zaidi, hata uwe na viini 40.