Swichi Haiwaki? Iacheni Aptama

Wiki hii tena nimeletewa ombi lile lile: "Swichi yetu ya RNA haiwaki, tutafutie aptama inayoshika zaidi." Swichi hiyo ni kipande cha RNA kinachowasha utengenezaji wa protini kikikutana na molekuli fulani, yaani ligandi; aptama ni sehemu yake inayoishika ligandi. Hivi aptama imewakosea nini?

Chukueni aptama ya teofilini (dawa ya pumu), iliyochapishwa 1994. Kd yake (kiwango cha ligandi kinachojaza nusu ya aptama; kikiwa kidogo, inashika zaidi) ni takriban mikromola 0.3, na kafeini inaishika kwa udhaifu wa mara 10,000 hivi, ilhali molekuli hizo mbili zinatofautiana kwa kikundi kimoja tu cha methili. Mnataka ishike vipi tena?

Angalieni shina, sehemu ya RNA iliyojikunja na kushikana kwa jozi, linaloficha mahali pa ribosomu (mashine ya kutengeneza protini) kutua; ligandi hushika umbo lililo wazi na hivyo kulivuta lifunguke. Kwa nyuzi 37, ligandi ya milimola 1 inakupa takriban kilokalori 5 kwa moli za nishati ya kulifungua. Basi, hiyo ndiyo bajeti yote. Umbo lililofungwa likizidi lililo wazi kwa uthabiti wa kilokalori 2.5, RNA inayovuja, yaani kufunguka bila ligandi, ni kama asilimia 2. Ligandi ikiingia, zaidi ya asilimia 95 inafunguka. Safi. Sasa mtu anaogopa mvujo, anaongeza jozi moja ya G-C (herufi za RNA zinazoshikana kwa nguvu), tofauti inaruka hadi karibu 6. Hapo hata ligandi ikijaa tele, haifunguki hata moja ya tano. Anakuja kujisifu kwamba haivuji! Hata jiwe halivuji.

Na aptama inayoshika mara kumi zaidi? Itakuongezea kilokalori 1.4 tu, baada ya miezi ya kuchuja maktaba za RNA za kila aina. Kugeuza G-C moja ya shina kuwa G-U, jozi dhaifu zaidi, ni kazi ndogo, na mara nyingi inarudisha zaidi ya hapo.

(Swichi zinazotambua RNA nyingine, kama zile za toehold za 2014, ni habari tofauti: jozi nyingi kati ya RNA hizo mbili zinalipa gharama yote ya kufungua shina.)

Nikiri, hesabu zangu nazo zina unafiki. Programu za kukunja RNA hukosea kilokalori nzima bila haya. Tena zinadhani RNA ina muda wa kutulia, wakati ndani ya bakteria inajikunja huku bado inatoka kwenye polimerasi (kimeng'enya kinachoiandika), makumi ya nyukleotidi kwa sekunde. Kinachotangulia kujikunja huweza kung'ang'ania hapo hapo. Kiasi cha magnesiamu, inayosaidia RNA kujikunja, kwenye tyubu ya maabara nacho si kile cha ndani ya seli. Kwa hiyo sibuni shina moja, nabuni kumi na mbili, na swichi yangu bora ilitoka kwenye zile ambazo kompyuta ilizikataa. Sijui bado kwa nini inafanya kazi.

Basi nitumieni mfuatano wa shina. Aptama ninayo.