Je, wajua kwa nini gari la kujiundia hupimwa uzito dereva akiwa ameketi ndani?

Katika gereji nyingi ndogo za Uingereza, jioni ya kuamkia siku ya kukimbiza magari uwanjani, huonekana jambo linaloweza kumshangaza mtu aliyezoea magari ya kawaida. Gari dogo lisilo na paa limepandishwa juu ya mizani minne bapa, moja chini ya kila gurudumu, na mwenyewe ameketi kimya nyuma ya usukani huku mwenzake akisoma namba na kuzungusha nati iliyo chini ya springi, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Asipopatikana wa kumsaidia, mwenye gari huweka kitini mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na wake. Kwa nini dereva apimwe pamoja na gari, kana kwamba naye ni kipuri?

Ni kwa sababu katika gari jepesi kiasi hicho dereva ni kipuri kweli, tena ni miongoni mwa vipuri vizito kuliko vyote. Dereva wa kilo 80 akiingia katika saluni, yaani gari la kawaida la familia, la kilo 1,500, mizani haitabadilika sana. Akiingia katika gari la kilo 540, yeye peke yake anakuwa karibu sehemu moja ya nane ya mzigo wote, na kwa kuwa ameketi upande mmoja, analiinamisha gari zima kuelekea kwake.

Gari la kujiundia ni gari linalouzwa likiwa vipande, chasisi yake, mikono ya magurudumu, springi, usukani na mabodi, ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe nyumbani. Mashuhuri kuliko yote ni Lotus Seven, ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alilitoa mwaka 1957. Wakati huo sheria za Uingereza zilitoza kodi ya manunuzi kwa gari lililokamilika, lakini si kwa vipande vyake, kwa hiyo kijana mwenye spana na subira aliweza kupata gari la mbio kwa bei nafuu. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuliunda gari hilo. Bado inaliuza hadi leo, likiwa kamili au likiwa vipande.

Siku ya uwanjani nayo si mashindano. Mwenye gari hulipia nafasi, husikiliza maelekezo ya usalama asubuhi, gari lake hupimwa kelele, kisha huzunguka kwa vipindi bila kugombea nafasi wala kikombe, na kumpita mwenzake huruhusiwa kwa utaratibu uliokubaliwa tu. Kwa hiyo anayehangaika na nati na mizani usiku hatafuti ushindi. Anatafuta gari linalokata kona ya kulia na ya kushoto kwa tabia moja, ili ajue kila mara kitakachotokea anapogeuza usukani.

Tabia hiyo hutokana na tairi, kwa kuwa gari hushika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikitosha kufunikwa kwa kiganja. Tairi hushika zaidi linapobebeshwa zaidi, lakini faida hiyo hupungua kadiri mzigo unavyozidi. Ni kama hamali bandarini: mpe gunia la pili na atalibeba, lakini hawezi tena kwenda kwa mwendo wake wa gunia moja. Matairi mawili yenye kilo 200 kila moja yatashika kona vizuri kuliko mawili ambayo moja lina kilo 300 na la pili 100, ingawa jumla ni ileile. Karibu kila kitu kinachofanywa kwenye sasipensheni, yaani springi, shokapu na mikono inayoshika magurudumu, ni namna ya kuugawa mzigo huo.

Gari linapokata kona ya kulia, uzito huhamia matairi ya kushoto. Kiasi kinachohama hutegemea uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito wake, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Tuseme gari letu na dereva wake ni kilo 620, kitovu cha uzito kipo sentimita 30 kutoka chini, upana ni mita 1.3, na kona ni kali kiasi kwamba nguvu ya pembeni ni sawa na uzito wa gari lenyewe. Zidisha 620 kwa 0.3, gawanya kwa 1.3, utapata takriban kilo 143 zinazohama kutoka kulia kwenda kushoto. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hudhani kwamba springi ngumu zaidi zitazuia uhamaji huo. Haziuzuii. Zinapunguza kulala kwa bodi, ambako jicho hukuona, lakini kilo 143 zitahama karibu zote vilevile. Kinachobadilika ni mgawanyo kati ya mbele na nyuma: ukikaza stabilaiza ya mbele, yaani ufito wa chuma unaounganisha sasipensheni ya kushoto na ya kulia, sehemu kubwa zaidi ya mzigo unaohama itabebwa na tairi la mbele la nje, na gari litagoma kukata kona, pua ikienda moja kwa moja. Ukikaza nyuma, mkia ndio utakaoteleza kwanza.

Sasa turudi kwenye mizani. Gari likiwa na dereva ndani, usukani ukiwa kulia kama ilivyo Uingereza, tuseme linasoma hivi: mbele kushoto kilo 155, mbele kulia 139, nyuma kushoto 147, nyuma kulia 179. Jumla ni 620. Ukijumlisha kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia ni 334, na mbele kulia na nyuma kushoto ni 286. Hii ni hali ya meza ya miguu minne ambayo mguu mmoja ni mfupi: miguu miwili inayotazamana kwa mshazari ndiyo inayobeba, na iliyobaki inagusa sakafu tu. Gari haliyumbi kama meza kwa sababu springi zinaficha kasoro hiyo, lakini tairi zinaihisi.

Mtu akiliendesha hivyo Brands Hatch, uwanja ulioko Kent ambako magari huzunguka kwa mwelekeo wa saa, ataona maajabu. Katika Paddock Hill, kona ya kulia inayoporomoka bondeni, na katika Druids, ya kulia pia, gari litagoma kugeuka, kwa sababu tairi la mbele kushoto lililokwisha kulemewa linaongezewa mzigo. Halafu inakuja Graham Hill, ya kushoto, na gari lilelile linatupa mkia. Dereva atajilaumu, au atanunua matairi mapya, ilhali tatizo ni robo tatu za mzunguko wa nati.

Dawa yake ni ileile ya karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa meza. Fundi hufungua kwanza stabilaiza upande mmoja ili isidanganye mizani, huweka upepo sawa, hujaza mafuta kwa kiwango kitakachotumika, kisha hupandisha kidogo vikalio vya springi vya mbele kulia na nyuma kushoto, na kuvishusha kidogo vya pembe nyingine mbili. Kila baada ya marekebisho gari husukumwa juu na chini ili likae vizuri, ndipo namba zisomwe tena. Mwisho wake mizani itasoma 143 na 151 mbele, 159 na 167 nyuma, na mishazari yote miwili itakuwa 310. Jumla ya mbele haikubadilika, ya nyuma haikubadilika, wala ya kulia na ya kushoto. Nati haiwezi kumhamisha dereva kutoka kwenye kiti chake; inaweza tu kuupatanisha uzito wake na pembe nne.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa palepale: springi ziwe ngumu kiasi gani? Msomaji aliyewahi kupanda pikapu tupu kwenye barabara ya matuta anajua jibu tayari. Springi za pikapu zimepangwa kwa ajili ya tani ya mzigo, na usipokuwapo mzigo huo, gurudumu hurukaruka badala ya kufuata barabara, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Gari la kujiundia ni tupu maisha yake yote. Chukua springi inayoruhusu gurudumu kusogea milimita moja kwa kila kilo mbili hivi za mzigo. Chini ya saluni yenye kilo 350 za bodi kwenye pembe moja, bodi itapanda na kushuka mara 1.2 hivi kwa sekunde, mwendo wa kustarehe. Chini ya gari letu, lenye kilo 120 za bodi kwenye pembe hiyo bila kuhesabu gurudumu lenyewe, springi ileile itatoa mara mbili kwa sekunde, na hapo tayari tumefika kwenye ugumu unaofaa uwanjani. Isitoshe, springi nyingi za magari haya zimefungwa kwa kulala, hivyo gurudumu likipanda milimita 10 springi hubanwa labda 7 tu, na ugumu unaofika kwenye gurudumu unakuwa karibu nusu ya ule ulioandikwa kwenye springi. Anayenunua kwa kusoma namba ya springi peke yake ananunua gizani. Kwa maoni yangu, kosa linalowaharibia watu wengi siku yao ni kukaza kupita kiasi, kwa sababu gari gumu hutetemesha mwili na mtu hudhani mtetemo huo ni kasi.

Shokapu hufuata springi, haziitangulii. Kazi yake ni kutuliza bodi isiendelee kucheza, na nyingi zina kitufe cha kuzungusha chenye vituo vinavyosikika mkononi. Kipimo kinachonivutia kuliko vyote hakigharimu kitu: kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya hukazwa kwenye ufito wa shokapu, inasukumwa hadi kwenye mwili wake, kisha gari linakwenda mizunguko mitano. Likirudi, kamba hiyo imebaki mahali ambapo shokapu ilifika mwisho wa kubanwa kwake. Ikiwa imegota hadi kwenye mpira wa kizuizi, gari lilikuwa linagonga chini katikati ya kona, na hakuna kitufe kitakacholiponya kabla ya kupandishwa au kubadilishiwa springi. Ikiwa imesogea kidogo tu, springi ni ngumu mno.

Tairi nalo husema ukiliuliza mapema, kabla halijapoa. Mara gari linapoingia, joto la mpira hupimwa kwa sindano sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa pamoto kuliko kingo, upepo umezidi; kingo zikizidi, umepungua. Upande wa nje ukiwaka kuliko wa ndani, gurudumu linahitaji kulazwa zaidi kwa ndani upande wa juu, mlalo ambao mafundi huuita kemba, na nyuzi moja na nusu hadi mbili na nusu ni mwanzo mzuri kwa magari ya aina hii. Upepo wenyewe huwa mdogo kuliko watu wanavyotarajia. Saluni huhitaji psi 30 au zaidi, lakini gari la kilo 540 hutembea kwa psi 18 hadi 20 likiwa baridi, kwa kuwa tairi lililojazwa kama la saluni lingekuwa gumu mithili ya mpira wa miguu na lingegusa lami kwa ukanda mwembamba wa katikati.

Marekebisho haya hufanywa moja baada ya jingine, kila moja likiandikwa daftarini pamoja na hali ya hewa, na hayaanzi kabla ya kuhakikisha kwamba bushi na boli jointi, yaani viungio vya mikono ya magurudumu, hazijalegea. Daftari la mtu makini huwa na ukurasa wa ziada kwa ajili ya siku atakayompakia rafiki, kwa sababu kilo 75 zikiketi kushoto, namba zote nne zinabadilika na mshazari uliopatanishwa kwa saa mbili unavurugika. Na wengi hurudi nyumbani kwa gari hilohilo: upepo uliopunguzwa mchana matairi yakiwa ya moto hushuka zaidi yanapopoa, kwa hiyo kabla ya kutoka langoni jioni pampu na geji hutolewa tena, na matairi manne hujazwa upepo wa barabarani.