Kugonga gari lililoegeshwa na kukimbia: maana yake na jinsi ya kudai haki

Kugonga gari lililoegeshwa na kukimbia ni kitendo cha dereva wa chombo chochote cha moto, liwe lori, gari dogo, bajaji au bodaboda, kuharibu gari lililosimama kisha kuondoka bila kujitambulisha kwa mwenyewe na bila kutoa taarifa polisi. Ndani yake mna mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni uharibifu, ambao kwa kawaida hutokana na uzembe na humpa mwenye gari haki ya kudai fidia. La pili ni kule kuondoka, ambako ni kosa la jinai linalojitegemea, hata kama kilichovunjika ni taa moja ya nyuma. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyosababisha uharibifu asimame, atoe jina na anwani yake, na jambo hilo lifike polisi. Kwamba mwenye gari hakuwapo, au kwamba mkwaruzo ni mdogo, hakumwondolei dereva wajibu huo.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika mikoa ya Mtwara na Lindi kwa sababu ya aina ya magari yanayopita. Msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba, malori yenye tela hupanga foleni kwenye maghala na kwenye njia za kuelekea Bandari ya Mtwara, na mengine hupitia njia panda ya Mnazi Mmoja yakitoka Masasi, Nachingwea au Ruangwa. Tela ndefu inapokata kona haifuati njia ya kichwa cha lori. Magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi ya kona, na gari lililoegeshwa karibu na pembe hukwaruzwa ubavuni au kung'olewa saiti mira. Dereva aliye mbele, mwenye shehena ya tani nyingi nyuma yake na injini inayonguruma, huenda kweli asihisi chochote. Dereva wa namna hiyo ni vigumu kumtia hatiani kwa kukimbia, kwa kuwa ni lazima ionekane kwamba alijua au alipaswa kujua kuwa amegonga. Hata hivyo deni la fidia linabaki palepale, maana kutojua kuwa umevunja kitu cha mtu hakukitengenezi kitu hicho. Kwa mwenye gari huu ni unafuu, kwani hahitaji kuthibitisha nia mbaya ya mtu yeyote ili alipwe. Anahitaji kuthibitisha ni chombo kipi kilichomgonga.

Hapo ndipo shauri lote linaposimama. Mwenye gari aliyepata namba ya usajili ana mlango wa bima, wa mazungumzo na wa mahakama. Asiyeipata amebaki na mfuko wake, isipokuwa kama alikata bima kubwa, yaani ile inayolipa hata uharibifu wa gari lake mwenyewe. Kwa hiyo saa za mwanzo zitumike kumtambua aliyegonga, kabla ya kumwita fundi bodi kuja kutoa makadirio.

Gari lenyewe ni shahidi wa kwanza, na ni vizuri lisisogezwe wala kuoshwa kabla ya kupigwa picha, za mbali zinazoonyesha mahali liliposimama na za karibu zinazoonyesha alama, pamoja na kipimo cha urefu wa alama kutoka ardhini. Urefu huo husema mengi. Mstari mwembamba mlangoni, kwenye kimo cha kiuno, mara nyingi ni usukani wa pikipiki. Kubonyea kwenye pembe ya bampa kukiambatana na vipande vya taa chini ni dalili ya gari dogo lililokuwa likirudi nyuma. Na kioo cha pembeni kilichovunjika huku milango ikiwa salama huashiria chombo kirefu kilichopita karibu mno. Rangi ngeni iliyoachwa juu ya rangi ya gari isifutwe kwa kidole wala kwa petroli, kwa kuwa inaweza kulinganishwa na rangi ya chombo kinachoshukiwa. Vilevile, katika mkwaruzo mrefu, uchafu na maganda ya rangi hujikusanya mwishoni mwa mstari, jambo linalosaidia kujua chombo kilitoka upande gani. Vipande vya plastiki vilivyodondoka viokotwe baada ya kupigwa picha pale vilipoangukia, maana kipande cha indiketa kinachokaa sawasawa kwenye pengo la taa ya bajaji fulani ni ushahidi ambao hata dereva mbishi hupata shida kuupinga.

Mashahidi wa pili ni watu, na hawa huondoka upesi. Mlinzi wa duka, vijana wa kijiwe cha bodaboda, mama lishe mwenye meza yake kando ya soko, wote huona mengi, lakini ni nadra mtu kukumbuka namba nzima. Nusu ya namba nayo ni mali. Herufi tatu za mwisho, rangi ya chombo, na hasa maandishi ambayo wenye bajaji na daladala hupenda kubandika juu ya kioo au nyuma, huweza kutosha kukipata chombo hicho katika mji kama Mtwara au Lindi ambako madereva wengi wa vituo wanafahamiana. Iwapo kuna benki, kituo cha mafuta au duka lenye kamera karibu, mwenye gari aombe siku hiyohiyo kwamba picha zihifadhiwe, kwani mitambo mingi hufuta picha za zamani ili kurekodi mpya. Mwenye kamera anaweza kukataa kumpa mtu binafsi, na ana sababu zake. Askari akiomba kwa utaratibu wa upelelezi, jibu huwa tofauti. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, mradi uonyeshwe jinsi ulivyotunzwa na kwamba haukuchezewa.

Polisi wapewe taarifa siku ileile, hata kama mwenye gari anadhani hawatampata mtu. Atapewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni, na askari wa usalama barabarani atatakiwa kuliona gari na kuchora mchoro wa eneo. Fomu ya polisi ya PF3, ambayo kila mtu anaijua, ni ya majeruhi wa mwili na haihusiki na bodi la gari. Makampuni ya bima huomba fomu nyingine za polisi, zikiwamo PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na mchoro huo. Namba ya usajili ikijulikana, polisi wanaweza kumpata mmiliki kupitia kumbukumbu za usajili. Jina hilo lichukuliwe kama mahali pa kuanzia tu, kwa sababu magari mengi yameuzwa na kuuzwa tena bila kadi kubadilishwa, na aliyeandikwa huenda aliachana na gari hilo zamani.

Kuhusu bima, nimesikia mara nyingi mtu akisema, «gari langu lina bima,» akidhani jambo limekwisha. Bima ndogo aliyoikata mwenye gari lililogongwa hulipa madhara ambayo gari lake linawasababishia wengine. Kwa gari lake mwenyewe lililokwaruzwa na mtu aliyetoweka, haina msaada. Inayoweza kumsaidia ni bima ndogo ya aliyegonga, ikiwa mkataba wake unagusa mali za watu wengine, na ndiyo maana kumtambua kunarudi tena hapa. Akishapata namba, anaweza kuhakiki bima ya chombo hicho kwa mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, bila kutegemea stika iliyobandikwa kiooni. Mwenye bima kubwa hudai kwa kampuni yake mwenyewe hata kama aliyegonga hajulikani, na kampuni ikishamlipa huchukua nafasi yake ya kumdai mkosaji. Lakini apige hesabu kwanza. Kama matengenezo ni shilingi 300,000 na mkataba unamtaka ajilipie 200,000 za mwanzo, basi anafuatilia 100,000 huku akihatarisha punguzo la mwaka ujao ambalo hupewa mtu asiyekuwa na madai. Kwa mkwaruzo kama huo, kupiga puti na kupulizia rangi kwa fedha zake huwa nafuu. Kampuni ikikataa dai bila sababu ya kuridhisha, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Chombo kikishajulikana, linabaki swali la nani alipe. Dereva anawajibika kwa uzembe wake, na mwenye chombo huwajibika pia pale dereva alipokuwa katika kazi yake. Kwa lori la kampuni jambo hili halina utata mkubwa. Kwa bajaji ni gumu zaidi, kwa sababu kuna dereva wa hesabu, anayepeleka kiasi fulani kila jioni kwa tajiri, yaani mwenye chombo, na kuna dereva wa mkataba, ambaye akimaliza malipo bajaji inakuwa yake; tajiri wa dereva wa mkataba atasema chombo si chake tena kwa maana halisi, na hoja hiyo itapimwa kwa karatasi walizoandikiana. Ikiwa gari lililogonga lina namba za serikali, kama STK au SM, anayekusudia kushtaki anapaswa kutoa kwanza notisi ya siku 90.

Mwenye gari naye aweza kuulizwa aliegesha wapi. Gari lililoachwa kwenye kona, au usiku barabarani bila alama ya tahadhari, linaweza kumpunguzia mwenyewe fidia kwa kuwa alichangia ajali. Halimpi aliyegonga ruhusa ya kukimbia.

Mashauri mengi ya namna hii humalizwa kwa mazungumzo, mara nyingine mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na si vibaya, ilimradi mwenye bima kubwa aitaarifu kampuni yake kabla ya kukubaliana lolote, kwani kumsamehe mkosaji kunaweza kuiziba kampuni njia ya kumdai na hivyo kuharibu dai lenyewe. Makubaliano yaandikwe: namba za magari yote mawili, tarehe na mahali pa tukio, kiasi, tarehe ya kulipa, saini za pande zote na za mashahidi. Malipo yapite kwenye simu au benki ili yaache kumbukumbu. Dereva wa teksi au mwenye gari la biashara anaweza kuongeza kipato alichokosa siku gari lilipokuwa gereji, lakini awe na daftari la mapato au risiti, kwa kuwa makadirio ya mdomo hukataliwa upesi. Mazungumzo yakishindikana, madai ya uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya tukio, na miezi inayopotea katika ahadi za «nitakulipa korosho zikiuzwa» huhesabiwa ndani ya muda huo.