Simu za intaneti ofisini: si kuchomeka na kupiga tu

"SIP ni lugha moja, ukichomeka zinaelewana." Hapa Tabora hili nalisikia karibu kila ofisi inapotaka kuacha laini za zamani na kuhamia simu za intaneti. Ni kweli SIP, utaratibu ambao vifaa hutumia kuanzisha na kukata simu za intaneti, ina kanuni zake tangu 2002: RFC 3261 (RFC ni hati za kanuni za intaneti). Lakini kanuni hizo zimeacha mambo mengi wazi: poti (mlango wa mtandao) 5060, au 5061 yenye usimbaji fiche, kujisajili kwa nywila au kutambuliwa kwa anwani ya IP, namba kuanza na 026 au +255 26, kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 au G.729. Kila mtoa huduma wa laini za simu ana yake, na fundi asiyeyajua anabahatisha.

Msimu mmoja wa tumbaku nilifunga mashine ya simu, yaani seva inayopokea na kugawa simu, kwenye ofisi inayohudumia wakulima. Simu zikatoka, zikaingia, sauti safi kabisa. Mkulima akipiga anaambiwa abonyeze 1 kwa masoko, 2 kwa malipo. Anabonyeza 2, kimya. Anabonyeza tena, maelezo yanaanza upya huku salio lake linakatika. Iliniuma sana. Seva yetu ilikuwa inangoja tarakimu zije kama pakiti maalumu, kwa utaratibu wa RFC 4733. Mtoa huduma alikuwa anazituma kama mlio ndani ya sauti. Mpangilio mmoja tu! Tulihangaika siku mbili kwa barua pepe, kumbe jibu lilikuwa kwenye PDF ambayo hatukuwahi kupewa.

Ndiyo maana naifuatilia kazi ya kikundi cha ASAP cha IETF, jumuiya inayoandaa kanuni za intaneti. Wanachotaka ni mtoa huduma aweke hati ya masharti yake yote kwenye seva yake, yameandikwa kwa namna ambayo mashine inayasoma yenyewe. Kifaa cha ofisi kinayavuta kwa HTTPS, njia salama ileile ya tovuti, na kujiseti upande wa laini ya nje. Julai 2023 ilitoka RFC 9409, inayosaidia kifaa kujua hati hiyo iko wapi.

Wengine wanaogopa kwamba mtoa huduma ataingia kwenye mashine yao. Hapana. Ofisi ndiyo inayokwenda kuchukua hati, na hati inaeleza tu uwezo na masharti ya mtoa huduma. Ekstensheni ya mhasibu, yaani namba yake ya ndani ya ofisi, haihusiki kabisa.

Wapo pia wanaodhani utaratibu huu utasafisha sauti. Simu moja ya G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo watu kumi wakiongea pamoja ni karibu megabiti moja kwenda na nyingine kurudi. Intaneti ikiwa nyembamba, sauti itakatika vilevile.

Na fundi? Kazi ipo. Mimi nikishaseti hutoka nje ya geti, napiga namba ya ofisi kwa simu yangu ya mkononi, nabonyeza 1, kisha 2, nasubiri mtu apokee.