Mkono na mguu wa upande mmoja vinapojiendesha vyenyewe

Unaotetemeka ni mkono wa kulia tu, na mguu wa kulia unaburuta. Si kiharusi hiki?

Kiharusi huja ghafla. Kikija hivyo, kimbilia hospitali siku hiyohiyo. Hali tunayoizungumzia hapa hujongea kwa miaka: nguvu zipo, ila misuli imekuwa migumu na kila kitu kinafanyika polepole.

Basi ni Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa?

Ni jamaa yake, tena adimu; kwa Kiingereza huitwa hemiparkinsonism-hemiatrophy. Parkinson ya kawaida nayo huanza upande mmoja, lakini baadaye huvuka hadi upande wa pili. Hii hukaa palepale miaka mingi, na upande huohuo huwa mdogo kuliko mwenzake: kiganja chembamba, unyayo mfupi. Wengine wameishi hivyo tangu utotoni bila kujali, mpaka daktari alipowavua viatu. Daktari Harold Klawans wa Marekani aliieleza mwaka 1981. Huwapata watu wakiwa bado vijana au wa makamo, na baadhi yao walipata matatizo wakati wa kuzaliwa.

Sijaanza dawa yoyote, lakini vidole vya mguu vinajikunja nikitembea. Kwa nini?

Hiyo ni distonia: misuli inakaza bila kuamriwa na kuupinda mguu, mara nyingine kwa maumivu. Katika hali hii hujitokeza mapema, pengine ikatangulia dalili nyingine zote. Sindano ya botulini, dawa inayolegeza misuli, kwenye misuli husika huweza kuilegeza kwa miezi kadhaa.

Nimeanza levodopa, dawa ya Parkinson, sasa mkono unachezacheza. Dawa imenidhuru?

Hapa ndipo watu hukosea wakaitupa dawa. Angalia saa. Mkono ukicheza wakati dawa imekolea na mwili umekuwa mwepesi, huenda hiyo ni diskinesia, yaani kuchezacheza kunakoletwa na dawa, na daktari anaweza kupunguza dozi au kuigawa. Mguu ukikaza alfajiri, kabla ya kidonge cha kwanza, huenda dawa ya jana imekwisha mwilini. Tiba yake ni tofauti kabisa. Usiiache ghafla: mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikapanda. Rekodi video fupi kwa simu, uandike na saa uliyomeza dawa. Daktari wa mishipa ya fahamu ataelewa mengi humo.

Levodopa humsaidia kila mgonjwa?

Hapana. Wapo wanaopata nafuu kubwa, na wapo wasioona tofauti. Kwa kijana hupimwa pia ugonjwa wa Wilson, unaoweza kufanana na hali hii, ambapo madini ya shaba hujaa mwilini, kwa sababu huo una dawa yake.