Kanisa dogo la Mai Mahiu: yasemwayo na yaliyo kweli

Anayeshuka kutoka Rironi kuelekea Mai Mahiu hulikuta kando ya barabara ya malori, kanisa dogo la mawe lenye msalaba juu, ambalo ndani yake waumini 12 hivi wakiketi, wa 13 hukosa pa kukaa.

Wengi hudhani kuwa ni kazi ya wamisionari. Kosa hilo linaeleweka, kwa sababu mapadre wa Consolata, ambao nao walitoka Italia, walifika Kenya mwaka 1902 na kuacha makanisa mengi katika nchi ya Wakikuyu. Hili, hata hivyo, lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo hiyo inayopita mlangoni pake.

Wapo pia wanaosimulia kwamba mateka hao walitekwa humu nchini walipokuwa wakiivamia Kenya. Ni kweli kwamba jeshi la Italia liliiteka Moyale mwezi Julai 1940, lakini wengi wao waliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka uliofuata, baada ya Mogadishu kutwaliwa mwezi Februari, Addis Ababa mwezi Aprili, na mtawala mkuu wa makoloni ya Italia katika Afrika Mashariki, Mtemi wa Aosta, kusalimu amri katika mlima wa Amba Alagi, Ethiopia, mwezi Mei. Miongoni mwa waliowashinda walikuwamo askari wa King's African Rifles, vijana wa Afrika Mashariki, ambao kwa maoni yangu hutajwa mara chache mno habari za kanisa hili zinaposimuliwa.

Dhana inayohitaji maelezo zaidi ni ile ya kwamba kanisa lilitokana na huruma ya msimamizi fulani Mwingereza. Huenda msimamizi alikuwa mwema, lakini Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulikuwa tayari umewahakikishia mateka uhuru wa kutimiza ibada za dini yao. Mkataba huo huo uliruhusu askari wa kawaida kufanyishwa kazi, mradi isihusiane moja kwa moja na mapigano, huku maafisa wakiwa hawalazimishwi. Kwa hiyo sururu na sala zote mbili zilikuwa na kanuni zake.

Mtemi wa Aosta hakuzikwa hapa, ingawa baadhi ya wageni huulizia kaburi lake. Alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, ambalo ni kubwa zaidi na hufananishwa na hili bila sababu.

Ama sifa ya kuwa kanisa dogo kuliko yote duniani, haisimami: lile la Cross Island huko Oneida, New York, lililojengwa mwaka 1989, huketisha watu wawili tu.