Ngoma Isiyorukwa: Walimu Wasioonekana katika Muziki wa Thailand

Anayetazama picha za wacheza wa Thailand huvutwa kwanza na taji refu na vidole vilivyopindwa kwa nyuma. Leo naomba tutazame sakafuni, kwenye ngoma ya nyuso mbili iliyolazwa juu ya kigoda chake. Inaitwa taphon. Hakuna mpigaji anayethubutu kuiruka, hata akiwa na haraka. Huwekewa maua, mshumaa na vijiti vya udi, kwa sababu kwao hiyo ni Phra Prakhonthap, mwalimu wa mbinguni anayeshika mapigo.

Ukilielewa hilo, mengine yote yanafunguka. Ala na vinyago ni walimu, na mwalimu haguswi ovyo.

Ibada yao kuu ni wai khru, yaani kuwasujudia walimu, na kwa kawaida hufanywa Alhamisi, siku ya walimu. Sanamu ya Buddha huwekwa mahali pa juu. Chini yake hupangwa vinyago vya miungu ya Kihindu, Shiva, Vishnu na Ganesha, na cha mtawa mzee wa msituni ambaye wasanii humwita Phor Kae, Baba Mzee. Dini mbili madhabahuni pamoja, wala hakuna anayeona ajabu. Kiongozi akiita jina la mungu, kundi la piphat, lenye zumari, marimba, ngoma na duara la patu, hupiga wimbo wa mungu huyo. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: hudhani muziki unasindikiza sala. Muziki ndio wito wenyewe. Wimbo ukipigwa, mwalimu amefika.

Kisha wanafunzi husogea mmoja mmoja. Mcheza hushushiwa kinyago kichwani. Mpigaji hushikwa mikono na mwalimu wake, wakapiga pamoja kwenye patu mwanzo wa wimbo wa Sathukan, mara tatu. Kujua noti peke yake hakutoshi; lazima mtu akabidhiwe.

Na makabidhiano hayo huweza kukatika. Kinyago kinachoogopwa kuliko vyote ni cha Phra Phirap, mungu mkali mwenye sura ya pepo, na ngoma yake huchezwa na wachache mno walioruhusiwa. Waliokuwa na idhini ya kuongoza ibada ya wacheza walipofariki bila kuiacha kwa warithi, Mfalme Bhumibol wa Thailand ndiye aliyeikabidhi upya mwaka 1984. Kwangu mimi, tukio hilo linaeleza urithi huu kuliko orodha yoyote, ingawa UNESCO imeandikisha khon, mchezo wa vinyago, mwaka 2018, na nora, ngoma ya kuigiza ya kusini, mwaka 2021.

Nora ina njia yake. Katika mikoa kama Phatthalung na Songkhla, familia zenye ukoo wa nora hujenga kibanda na kuita mizimu ya mababu kwa ngoma na zumari. Mizimu hupanda vichwani mwa jamaa, husema nao, hupokea nadhiri zilizotimizwa. Bangkok, kwenye madhabahu ya Erawan iliyojengwa mwaka 1956, aliyejaliwa alichoomba huwalipa wacheza waliopo pale wacheze kwa niaba yake.

Ukibahatika kufika kwenye maonyesho yao, vua viatu kabla ya kupanda jukwaani, usijaribishe kinyago kichwani kwa ajili ya picha, na ukiikuta taphon njiani, izunguke.